Pua za Ukoo wa Hariri

Kila asubuhi kabla ya chai, binti alimweka Hariri juu ya meza ya dirishani, akampangusa machozi kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kisha akamchana, akianzia tumboni ambako manyoya hujifunga mafundo. Paka wa ukoo huu hawawezi kujisafisha vizuri. Uso wao ni bapa kama kisosi na pua imezama katikati ya macho, kwa hiyo machozi hayana njia na pumzi hupita kwa kukoroma. Ni wapole mno. Hawaparamii makabati wala hawaombi kwa kelele. Ukimweka mmoja mahali, ukirudi utamkuta papo hapo.

Asubuhi hiyo alikuwa ameshafika mkiani mlango wa nyuma ulipokwaruzwa. Alipoufungua akaingia Lulu, mama yake Hariri, aliyezikwa chini ya mlimau mwaka uliopita. Alikuwa na udongo kidogo masikioni, na alikoroma vilevile kama zamani.

"Shangazi, Lulu amekuja."

"Mfute miguu basi, nimetoka kupiga deki sasa hivi," shangazi alijibu kutoka jikoni.

Shangazi ndiye aliyemlea binti tangu afiwe na mama yake, na ndiye aliyezalisha paka hao. Alikuwa mcheshi na mkarimu, na rafiki zake walimtania kwamba nyumba yake ina makombe ya mashindano ya paka mengi kuliko sufuria. Kipimo chake kilikuwa rula ya shule. Mtoto wa paka akifungua macho tu, aliisimamisha rula usoni pake; ikigusa paji, pua na kidevu kwa pamoja, alisema, "Huyu wetu." Na ili pua zisije zikatokeza tena, aliwapandisha ndugu kwa ndugu.

Hariri alikuwa amezaa mara moja, akaponea chupuchupu. Daktari wa mifugo alisema wazi kwamba uzazi mwingine utamuua: vichwa vya watoto ni vikubwa, na pumzi yake ni ndogo. Lakini mteja alikuwa anasubiri, na dume, kaka yake Hariri, alikuwa ameshaogeshwa.

"Labda apumzike kidogo, Shangazi," binti alisema huku akikitazama kitana.

"Apumzike, kwani analima? Wewe mwanangu unaonea huruma mpaka mbu."

"Ndiyo, Shangazi."

Wageni waliendelea kuja. Baada ya Lulu alikuja mama yake, kisha bibi yake, kila mmoja na udongo wake, na binti akawachana wote. Shangazi aliwapokea kwa majina, akawapima kwa rula kama ilivyokuwa desturi yake. Kila aliyefika, pua yake ilikuwa imesogea nje kidogo kuliko ya aliyemtangulia. Wale wa karibuni hata kifo hakikuwa kimewazibua. Walijaa sebuleni wakikoroma kama mashine ya kusaga.

Wa mwisho alikuwa wa kijivu, mwenye mistari, sikio limechanika, ananuka unga na panya. Rula iliteleza puani pake ikaanguka sakafuni.

"Huyu kapotea njia," alisema shangazi, ambaye siku zote aliwaambia wateja kwamba ukoo ulianzia kwenye jumba la mfalme. "Huyu ni wa ghalani."

Lakini wengine wote waliinuka wakampisha, kama watu wanavyompisha aliyewazaa. Akaenda kujilaza ubavuni mwa Hariri na kumlamba macho. Alipumua bila sauti. Binti aliinama, akatega sikio, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Siku ya kumpeleka Hariri chumbani kwa dume, paka wote walilala kizingitini. Shangazi alimpakata Hariri, akainua gauni na kuwaruka mmoja mmoja, akisema, "Samahani mama, samahani bibi," maana hakupenda kuwakanyaga wakubwa. Binti alimshikia mlango.

Hariri alikufa akizaa. Alitoka mtoto mmoja, jike, ambaye hakuwa na pua kabisa. Mahali pake palikuwa laini kama ganda la yai, na alipumua kwa mdomo. Walimzika Hariri chini ya mlimau. Binti alipomaliza kunawa mikono, Hariri alikuwa ameshaingia, ameketi na wenzake, anakoroma. Binti akamfuta miguu.

Mtoto alipofungua macho, shangazi alimweka mezani, simu ameibana begani. Rula ilisimama wima, haikuyumba.

"Inagusa kila mahali!" alimwambia mteja, akilia kwa furaha. "Huyu hatoki nyumbani. Akikomaa tutampandisha na baba yake, na wewe utakuwa wa kwanza kuchagua. Neno langu hilo."

Wa ghalani alikuwa amepanda mezani, anamlamba mtoto pale ambapo pua ingekuwa. Shangazi alikata simu, akamgeukia binti.

"Nini tena? Mbona umenikodolea macho?"

"Hakuna kitu, Shangazi," binti alisema kwa mazoea. Kisha akakiweka kitana chini, akasema:

"Kipo. Sitaki huyu azae. Sikutaka hata mama yake azae. Niliposema apumzike, Shangazi, nilimaanisha tuache."