Rihani za Kaburi la Jaafar

Mbegu ya kwanza ilipasuka alasiri, nikiwa bado juu ya msala. Nilifunua tishu iliyolowa nikaona mzizi mweupe umechungulia, mwembamba kama uzi wa kushonea. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Hapakuwa na wa kuniitikia.

Nilikuwa edani, katika chumba kimoja cha Naif, Dubai, juu ya maduka ya mabegi. Mume wangu Jaafar, aliyekuwa akisafirisha mizigo ya watu kwenda Mombasa, alianguka kazini na hakuinuka. Wakamzika huko huko. Mimi nikabaki na kitanda cha watu wawili na dirisha linalotazama ukuta.

Wahid, mpwa wake, ndiye aliyekuwa mtu wangu. Kila magharibi aligonga, akaweka chakula kizingitini, akarudi nyuma, maana hakuwa maharimu wangu. Tukazungumza mlango ukiwa umerudishwa. Jioni moja aliweka na sahani ya bati iliyofunikwa.

"Rihani hizi, mkaza mjomba. Ziweke kwenye unyevu. Zikishika mizizi tutampandia mjomba kaburini."

"Mbona kubwa hivi? Mbegu ya rihani ni kama chembe ya baruti."

"Za Kihindi hizo."

Nilitaka kuamini, nikaamini. Nilizinyunyizia maji kwa ncha za vidole. Nilizisomea Yasini. Zilipotoa majani mawili ya mviringo nilizihamishia dirishani penye mwanga, nikawa nazihadithia habari za Jaafar: chai yake ya tangawizi, kukoroma kwake, alivyovaa viatu akiwa amesimama. Leo hii, nyumbani Kwale, nina rihani ua mzima, na hata mche mmoja sijapata kuuhadithia kitu.

Kisha wakaguzi wakapanda jengoni, wakitafuta vyumba vilivyojazwa watu. Nilisikia milango ikifunguliwa mmoja baada ya mwingine, halafu sauti ya jirani yangu Teresiah, Mkamba wa Machakos asiyeogopa mtu, imesimama mlangoni pangu.

"Sir, humu hapana! Kuna mjane, yuko eda. Mwanamume haingii. Khalas!"

Mtu akaomba radhi kwa Kiarabu, na viatu vikapita.

Nikajikuta nimesimama mbele ya sahani, nimeikinga kwa mgongo, wala sikujua kwa nini. Nikageuka. Katikati ya yale majani ya mviringo yalikuwa yamechomoza mengine, membamba, yenye meno ya msumeno. Nimekulia shamba, jani la bangi sihitaji mtu wa kunionyesha. Na kule Dubai halihitajiki gunia, jani moja latosha kumfunga mtu. Nikaelewa pia kwa nini Wahid kachagua chumba changu. Katika jengo zima, ule ndio mlango ambao wanaume wangeona haya kuufungua.

Nilichemsha maji. Nikasema bismillahi tu, kwa kuwa sikujua dua ya kazi ile. Nikayamwagia. Yakalala mara moja. Choo kikayameza.

Magharibi akagonga.

"Rihani zinaendeleaje?"

"Nimezimwaga."

Mfuko wa plastiki ukagusa sakafu.

"Mkaza mjomba! Zile za watu. Nitawaambia nini?"

"Waambie mjane kazimwaga. Waje wenyewe kuniuliza, kama watathubutu kuingia."

"Ungeniuliza kwanza."

"Wewe uliniuliza? Ulinitajia kaburi la mjomba wako, Wahid. Nimezisomea Yasini."

Nikamsikia akivuta pumzi. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo, ya yule mtoto ambaye Jaafar alimleta mjini pale, akamdhamini kwa jina lake.

"Sasa mimi nikiacha kuja, nani atakuletea chakula?"

"Mwenyezi Mungu," nikasema, na nilikuwa naogopa.

Kesho yake hakuja, wala siku iliyofuata. Teresiah alinigawia ugali wake na sukuma wiki, akaniambia nile, nisiutazame ukuta kama nimeolewa nao. Niliiosha ile sahani nikairudisha dirishani, tupu, kwa sababu macho yangu yalishazoea kwenda pale.

Magharibi moja nikasikia kitu kikitundikwa kwenye kitasa. Wahid hakugonga. Nilisimama nyuma ya mlango, yeye upande wake, mimi upande wangu. Kisha nyayo zake zikashuka ngazi, polepole, mpaka chini barabarani, zikachanganyika na za watu wengine.

Ndipo nikafungua. Mkate ulikuwa bado wa moto.