Kipaza Hanyoi Kavu

Mtaani walimbatiza Kipaza, kwa kuwa umbea ukiingia kinyozini kwake asubuhi, adhuhuri umeshafika hata kwa viziwi. Basi maradhi nayo yana utani: yaliacha goti, yaliacha mgongo, yakaenda kumkaa kooni. Saratani.

Daktari alimpangia mionzi kila siku ya kazi, na dripu ya dawa mara moja kwa wiki. Akamweleza kwamba dawa huifanya mionzi iiume saratani zaidi. Kipaza, ambaye hajawahi kusikia jambo akaliacha lipoe, aliwasimulia wateja kana kwamba kalivumbua yeye.

"Dawa ni povu, mionzi ni wembe! Ukinyoa kavu unaacha visiki. Na kisiki cha saratani, jamani, kinachipua!"

Duka zima likaitikia kwa kichwa. Profesa huyo.

Wiki chache baadaye profesa alikuwa amekumbatia ndoo, akitapika hata vile alivyokuwa hajala bado. Ndevu za shingoni zilipukutika bila kinyozi kuzigusa, yaani hata kazi yake mwenyewe alinyang'anywa. Asubuhi ya dripu nyingine alivaa viatu, akatangaza kwa mnong'ono, yeye Kipaza, kwa mnong'ono:

"Leo naenda kwenye mionzi tu. Dripu basi. Nitamwambia daktari nina mafua."

"Ulipokuwa na sauti hukuweza kunidanganya mimi," mkewe alisema, "utamweza daktari kwa hiyo ya jogoo aliyenyeshewa?"

Kipaza akacheka, koo likamwadhibu papo hapo. Akaketi kitandani. "Nimechoka, mama watoto. Siku hizi ndoo inanijua kuliko wewe."

Mkewe alifungua kabati, akatoa wembe, akamshika utosi.

"Tulia nikunyoe."

"Povu liko wapi?"

"La nini? Nanyoa kavu."

Kipaza alifunika kichwa kwa mikono miwili. "Utaniachia visi..."

Akanyamaza. Hilo nalo lilikuwa jipya nyumbani humo.

"Nani kakuletea maneno yangu ya dukani?"

"Mtaa mzima unayo. Kwani aliyeyatangaza ni nani?" Akaurudisha wembe. "Na leo umwambie daktari habari ya ndoo, akuongezee dawa ya kuzuia kutapika. Kila akikuuliza unamjibu uko ngangari!"

Kipaza aliinuka, akaitia ndoo kwapani kama mkoba wa ofisini.

"Haya, twende nikapakwe povu," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Ila hili la leo lisifike dukani."

"Nani atalipeleka," mkewe alisema, "kama si wewe?"