Saba ya Kanisa la Wapagazi

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mukandekezi aliujua msemo huo tangu utotoni, ila aliamini zake zina Mungu wa kuzilinda. Kwa hiyo mwaka ule wa tisini na moja, katapila ilipoangusha mtaa mzima nyuma ya Rwezamenyo kupisha barabara, yeye, mlinzi wa Kanisa la Wapagazi, alisimama mlangoni na funguo zake, kimya. Kanisa hilo lilijengwa na wapagazi weusi kwa mikono yao, bila mzungu kuweka hata tofali moja, na babu yake alikuwa mmoja wao. Afisa wa mji alikwisha kupita na Bizimana, msimamizi wa ubomoaji, akasema mbele yake, "Hii iko kanisa ya zamani. Irindwe."

Sasa mtaa umekwisha, limebaki kanisa peke yake, na Bizimana anaonyesha ukutani namba saba ya rangi nyekundu.

"Mama, toka. Yenye iko na namba inavunjwa."

"Afisa alisema irindwe! Itunzwe!"

"Mimi nilisikia karindwi. Karindwi si ni saba? Nikaandika saba."

Mukandekezi akaelewa kosa. Siku ile injini ilikuwa ikinguruma, na sikio la Bizimana lilidaka Kinyarwanda badala ya Kiswahili. Afisa mwenyewe amekwisha hamishiwa kusini. Nani atamsadiki mwanamke na funguo zake?

Ndipo akakumbuka kwamba saba ilikuwapo nyingine, kwenye mlango wa Ilyasi, fundi cherehani. Nyumba yake ilipobomolewa aliung'oa mlango akahamia nao Gitega, mtaa wa jirani, maana mbao ni ghali.

"Nyumba ya saba mlishavunja," alisema. "Nakuletea ushahidi."

"Dereva anakula. Akimaliza, mimi singoji."

Alikimbia hadi Gitega, akamkuta Ilyasi anashona barazani, ule mlango umefungwa kwenye chumba chake kipya. Alimweleza huku akihema. Ilyasi hakuinua macho.

"Siku nyumba yangu inavunjwa, mama, ulikuwa pale. Sauti yako sikusikia."

Aibu ilimchoma. "Nilinyamaza, Baba Shami. Nilijua langu liko salama."

Ilyasi aliacha kushona. Akachukua bisibisi, akaanza kufungua bawaba.

Waliubeba, mmoja mbele, mmoja nyuma, na kabla hawajafika wakasikia injini. Katapila ilikuwa imekwisha kula mlango wa kanisa, fremu na yote. Ilyasi akausimamisha wake kwenye pengo, mbele ya meno ya chuma, akabaki ameushika. Akaita:

"Bizimana! Hii mwandiko ni ya nani?"

Bizimana akatazama saba ya mlangoni, akatazama ya ukutani. Wekundu ule ule, na kistari kile kile katikati. Akamwinulia dereva mkono, injini ikazimwa.

"Saba haiwezi kuwa mbili," alinung'unika, akafuata rangi nyeupe ya kufutia ile ya ukutani.

Mukandekezi alilia bila kujificha. Kisha akashika ncha ya mlango wasaidiane kurudi nao, lakini Ilyasi alikuwa anaokota misumari kwenye kifusi.

"Uache hapa. Kanisa haiwezi kulala wazi."

"Na kwako?"

"Mama Shami atatundika pazia." Alipiga msumari wa kwanza. "Lakini siku wakienda kwa mwingine, mama, piga kelele."