Mizinga Ishirini na Moja

Kosa la Rasih Efendi lilikuwa moja tu, na wenzake walilihesabu kuwa sifa: hakukubali mgeni aondoke nyumbani kwake bila la kwenda kusimulia. Kula atakula, kunywa atakunywa, lakini lazima na kioja kiwepo. Mwaka juzi alimchezeshea mkuu wa wilaya dubu. Mwaka huu mgeni alikuwa mkubwa zaidi, na dubu asingetosha.

Mgeni huyo alikuwa Kanali Nazmi Bey, aliyetumwa kutoka Istanbul kuamua reli ya Baghdad ipite wapi. Njia zilikuwa mbili. Moja ilifuata ufuko wa ghuba na kupita Sarikum, mji wa Rasih. Nyingine ilijichimbia milimani, handaki baada ya handaki, na ikipita huko, watu wa Sarikum wangeisikia kwa wasafiri tu.

Ubishi huo ulikuwa umewatoa jasho mabalozi na mawaziri kwa miaka. Fedha za kujengea zilitoka kwenye mabenki ya Ulaya, na ili wenye mabenki walale usingizi, serikali iliahidi kuilipa kampuni ya kujenga reli kwa kila kilomita, kila mwaka, kutoka kwenye fungu la kumi la ngano ya wakulima. Kwa hiyo hazina ilitaka njia fupi, yaani ile ya ufukoni. Kampuni haikuwa na haraka ya ufupi, na kwa nini iwe nayo? Kanali aliagizwa waziwazi atafute njia ya bei nafuu.

Rasih alizipata habari hizo mapema. Miezi sita kabla Kanali hajafika, alinunua kiwanja cha mchanga kando ya gati, pale pale ambapo kituo kingejengwa, na ili akinunue aliuza shamba la mizeituni la mkewe, Behice Hanim. Miti mia mbili, iliyopandwa na babu yake na kutunzwa na baba yake. Behice alipiga muhuri wake kwenye hati ya mauzo huku machozi yakimlengalenga. "Reli isipopita hapa," alisema, "sitakuwa na uso wa kwenda kaburini kwa baba."

"Itapita, Hanim. Wewe tulia."

Sasa Rasih alisikia kwamba Kanali ni mtu wa mizinga tangu ujana wake. Akafurahi mno. Siku moja kabla ya mgeni kufika, alikwenda kucheza dadu na Marko Soderini, mfanyabiashara mzaliwa wa Sarikum aliyekuwa pia wakala wa ubalozi wa Waingereza.

"Azizi yangu, ile manowari yenu iliyotia nanga pale inaondoka lini?"

"Kesho alfajiri. Na si yangu. Mimi nawauzia makaa na kuwaandikia barua, basi."

"Kesho ni sikukuu ya Sultani kukalia kiti. Meli yenye adabu haiondoki siku hiyo bila kupiga mizinga."

"Ehee! Tangu lini umekuwa mwalimu wa adabu wa Waingereza?"

"Mwambie nahodha kuna kondoo wanne na vikapu vya machungwa. Apige ishirini na moja, saa sita kamili mchana, nikiwa na Kanali pale juu kwangu."

Soderini alicheka mpaka dadu zikamponyoka. "Wewe Rasih, hata siku ya mazishi yako utataka zumari. Haya, nitamwambia. Ila kondoo wawe wanono!"

Kesho yake wakaketi roshanini: Kanali, Rasih, na Bwana Wendel, mhandisi Mjerumani wa kampuni. Walikula mwanakondoo na majani ya mzabibu yaliyojazwa wali. Kanali alikula kimya, akafuta masharubu, kisha akatoa karatasi kwenye mkoba.

"Nimeshaandika," alisema. "Njia ya ufukoni. Imebaki sahihi yangu tu. Wino upo?"

Moyo wa Rasih uliruka kwa furaha. Wino ulikuwepo, kalamu ilikuwepo. Akatazama saa yake: zilibaki dakika nne. Nanyi mnamjua Rasih.

"Kwanza sherehe kidogo, Bey wangu, kisha wino! Nimekuandalia kitu."

Nyuma ya mlango Behice alikohoa, akakohoa tena. Rasih akaomba radhi, akaingia ndani.

"Mwache atie sahihi kwanza," Behice alinong'ona.

"Dakika nne tu, Hanim. Jambo hili litasimuliwa mpaka Istanbul."

"Kwani mimi nataka kusimuliwa? Mpe mtu kalamu!"

"Shii! Atakusikia."

Alirudi roshanini mikono mitupu, akitabasamu. Saa sita ikagonga. Moshi mweupe ukatoka ubavuni mwa manowari, kisha mlio ukaja, na vioo vya madirisha vikatetemeka. Wote watatu wakasimama wima kwa heshima ya Sultani. Rasih alimtazama mgeni wake kwa jicho la pembeni, amejaa raha.

Mzinga wa pili ulipolia, Kanali alitoa saa mfukoni. Anahakikisha kama wamepiga kwa wakati, Rasih aliwaza. Mwanajeshi kweli huyu! Moshi wa tatu ukatoka. Midomo ya Kanali ikawa inacheza polepole, moja, mbili, tatu, mpaka nane, ndipo mlio ukafika. Akaifunga saa. Akaitazama meli, akautazama ufuko, akaitazama karatasi yake. Kisha akaikunja mara nne na kuitia ndani ya koti.

Rasih alifumbua mdomo. Mzinga wa nne ukalia. Angesema nini? Ile ilikuwa salamu ya Sultani, na hakuna aliyethubutu kuzungumza wala kuketi kabla haijaisha. Akasimama hivyo hivyo, jasho likimtiririka shingoni, akiomba Mungu Waingereza wakosee hesabu na kuacha mapema. Hawakukosea.

Kimya kiliporudi, Kanali aliketi. "Sekunde nane toka moshi mpaka mlio. Meli ile haifiki kilomita tatu toka ufukoni. Na mizinga ya siku hizi inapiga mbali zaidi ya mara tatu ya hapo."

"Bey wangu, wale ni marafiki! Wamekula kondoo wangu jana usiku!"

"Leo ni marafiki. Siku wakiwa maadui, meli moja itaikata reli kabla ya chai ya asubuhi, na askari wangu watakwenda Baghdad kwa miguu." Alitikisa kichwa. "Nilikuja na kelele za hazina masikioni, na kwenye ramani bahari ilikuwa rangi tu. Umenifumbua macho, Rasih Efendi. Jina lako nitalitaja kwenye ripoti."

"Huko milimani kilomita zitakuwa nyingi," alisema Wendel, kwa upole wa mtu asiyepoteza kitu, akajiongezea kahawa.

Wageni walipokwisha kuondoka, Soderini alipanda ngazi akihema, uso umemng'aa.

"Umesikia, azizi? Ishirini na moja, hata mmoja haukukwama! Nahodha anakusalimu."

"Nimesikia," alisema Rasih. "Asante, Marko. Mungu akulipe." Akamsindikiza mpaka langoni, maana ndivyo alivyolelewa.

Aliporudi alimkuta Behice roshanini, amesimama pale aliposimama Kanali. Chini yao kiwanja cha mchanga kilikuwa wazi, hakina hata jani. Behice hakulia wala hakupaza sauti, na Rasih aliona heri angepiga kelele.

"Niambie," alisema Behice. "Mizeituni ya baba yangu iliangushwa na mzinga wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Na ile kumi na minane iliyobaki?"

Rasih alitazama mchanga wake.

"Ile ilikuwa ya heshima," alisema.