Mzee Msumari na Tumbo la Kochi

TANGAZO RASMI. Kwa masikitiko makubwa tunawatangazia mafundi wote kifo cha Mzee Msumari, gwiji wa makochi na mkosoaji asiyemwogopa mtu, kilichotokea Jumapili saa tisa alasiri kando ya kochi la sebuleni. Marehemu alikuwa na uzoefu wa miaka arobaini na umri wa siku tisa. Ameacha simu moja inayonukia sabuni. Mazishi hayatakuwepo, kwa sababu marehemu ni mimi na bado nina njaa.

Sasa nieleze kwa utaratibu, kama tunavyofundishwa katika shule yetu ya bweni, ambako hata kupiga mswaki kuna kengele yake.

Baba yangu ni fundi makochi. Karakana yake iko nyuma ya nyumba, imejaa sponji, springi na vumbi la mbao. Pia ndiye msimamizi wa kundi la mtandaoni la mafundi makochi mia moja na sita, na kanuni zake amezibandika juu kabisa. Ya kwanza: hakuna picha ya kochi bila picha ya tumbo lake. Unalipindua miguu juu, unabandua kile kitambaa cheusi cha chini, watu waone mikanda na mbao. "Juu kila mtu anapendeza," Baba husema. Ya pili: mkosoaji hafukuzwi kwa kukosoa, hufukuzwa kwa kutukana. Ila akiombwa aonyeshe tumbo la kochi lake mwenyewe, sharti aonyeshe.

Nilirudi likizo nikiwa na sanduku, upele na matumaini. Karakanani nikamkuta binamu yangu, binti wa shangazi, aliyekuja kujifunza kazi muhula ule nilioondoka. Alikuwa ameshika nyundo ndogo yenye sumaku. Nyundo ile ilikuwa yangu tangu nina miaka sita.

"Karibu nyumbani, Msomi," Baba alisema bila kuinua kichwa. "Njoo uone kazi ya fundi wangu."

Fundi wangu! Mimi ananiita Msomi, kwa sauti ya mtu anayemkaribisha mkaguzi.

"Dada, hiyo ni nyundo yangu," nikasema.

"Ilikuwa imekaa tu, mdogo wangu," binamu akajibu huku ana misumari mitatu mdomoni. Hakudondosha hata mmoja. Hilo nalo liliniuma.

Jioni ile aliweka kundini kochi lake la kwanza, juu na tumbo. Utaratibu ni kwamba kazi ya kwanza hukaa wazi siku kumi. Kila hoja ikijibiwa, mwenye kazi anatangazwa kuwa fundi. Baba alikuwa ameshaandaa hadi rangi ya kuandikia jina lake kwenye kibao cha karakana, chini ya lake mwenyewe. Nilikiangalia kibao kile. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya jina moja.

Basi nikaitoa simu yangu ya siri, iliyokaa mihula miwili ndani ya kopo la sabuni ya unga, ikiwa na namba ambayo nyumbani hawaijui. Mzee Msumari akazaliwa, akaomba kujiunga, akakubaliwa, na hakupoteza muda.

"Mabibi na mabwana," aliandika, "nilishika nyundo kabla wengi wenu hamjaota meno. Kwa heshima na taadhima nasema: mkanda wa nne kutoka kushoto umelegea kama soksi ya mgonjwa. Na mbao ya nyuma haina gundi. Ahsanteni."

Kundi likawaka.

"Huyu babu amelalia ubavu gani?" akauliza Mama Pazia, mshona mapazia aliyeingia kundini kwa bahati mbaya akakataa kutoka.

"Admini, mtoe huyo! Anamvunja mtoto moyo."

"Mkimtoa kila anayesema, tutabaki kupeana vidole gumba tu hapa."

Nilijifunika shuka nikacheka hadi kitanda kikalalamika. Kisha Baba akaandika: "Mzee hajatukana. Atabaki. Binti, jibu hoja."

Nilisikia kochi likipinduliwa kule karakanani. Halafu sauti ya Baba: "Kweli. Wa nne umelegea."

Bila shaka ulikuwa umelegea. Nimekulia chini ya makochi, mkanda mlegevu nauona nikiwa mlangoni. Ya gundi ndiyo niliyoitunga, maana hoja moja ilikuwa inaonekana mpweke.

Siku ya pili nzima binamu alibomoa mgongo wa kochi kutafuta gundi ambayo ilikuwepo tangu mwanzo. Akaunda upya. Chakulani alishika kijiko kwa vidole viwili, vingine vimefungwa plasta.

"Yule mzee ana jicho," Baba alisema akitafuna polepole. "Jicho kama lile nimelitafuta humu ndani miaka mingi."

Jicho lilikuwa hapo hapo, mbele yake, likimwangalia! Kuanzia siku hiyo nikawa na maadui wawili. Baba alimsubiri Mzee Msumari kila asubuhi, akamwuliza habari za sponji, akamwita "mwalimu wangu", akamsomea Mama hoja zake kwa sauti. Mimi aliniomba nimpishe, nilikuwa nimesimama kwenye mwanga. Jamani, nilimwonea wivu hadi mtu niliyemtunga mwenyewe.

Siku ya tisa binamu akaandika: "Shikamoo Mzee wangu. Mkanda nimeukaza, mgongo nimeurudia wote. Nakushukuru. Kwa unyenyekevu naomba nasi tuone tumbo la kochi lako, tujifunze."

Vidole gumba sitini na viwili. Hata wale ambao hawajawahi kusema neno tangu kundi lianze walijitokeza.

Mzee Msumari hakuwa na kochi. Ila nyumbani lilikuwepo, lile la sebuleni, ambalo Baba alilitengeneza nikiwa mdogo. Baba na binamu walikuwa karakanani, Mama kalala. Nikalipindua taratibu, nikang'oa pini za kitambaa cheusi, nikapiga picha. Mikanda ilikuwa imenyooka vizuri. Mmoja tu, wa tatu, ulikuwa wa bluu badala ya kahawia. Nikasema moyoni, Baba naye kumbe hulipua kazi. Nikaituma: "Kazi yangu ya ujana. Tazameni mjifunze."

Nilisubiri sifa. Hakuna aliyeandika kitu. Nikaanza kurudisha pini.

"Shikamoo, Mzee Msumari," sauti ikasema nyuma yangu.

"Marahaba," nikajibu.

Siku tisa za kuamkiwa na watu wazima zilikuwa zimeniharibu. Nikageuka. Baba alikuwa mlangoni na simu mkononi, binamu nyuma yake na nyundo yangu.

Baba hakupiga kelele. Alichuchumaa, akagusa ule mkanda wa bluu. "Siku ile mikanda ilipungua mmoja. Huu nilikata kwenye begi lako la chekechea. Ulilia. Nikakuambia wewe ndiye utakayetushikilia nyumba nzima tukikaa." Akanigeukia. "Hukumbuki?"

Sikukumbuka. Nilikuwa nimeuita ulipuaji.

"Lakini mkanda wangu ulikuwa umelegea kweli, Mjomba," binamu akasema. Angenitukana ningepumua.

"Na gundi?" Baba akaniuliza.

Nikaangalia zile plasta. "Gundi ilikuwepo. Nilijua ipo."

"Kukosoa sikufukuzi," Baba akasema. "Hata hilo jicho nimefurahi kujua ni la nani. Lakini huyu amebomoa kazi safi kwa neno lako. Utaandika kundini. Kama binti yangu, si kama babu."

Nikaandika lile tangazo mliloanza nalo. Baba alilisoma akanirudishia simu. "Umechekesha. Sasa andika."

Nikafuta, nikaanza upya. Mara nne. Mwisho ikabaki hivi, na binamu amekaa pembeni anasoma:

"Mimi ni binti wa msimamizi. Mzee Msumari nilikuwa mimi. Kochi la binamu yangu lilikuwa na gundi. Nilidanganya kwa sababu nilitaka jina langu kwenye kibao, na nyundo yangu, na Baba yangu. Dada, nisamehe. Mlionipa shikamoo, naomba nizirudishe."