Dirisha Wazi Mwezi wa Januari

Mervin Sawatzky alikuwa na miaka hamsini na minane, na kazi yake ilikuwa kupima malori ya ngano kwenye ghala la nafaka nje kidogo ya mji mdogo wa Neepawa. Madereva walimjua kwa sauti tu, maana aliongea nao kwa kipaza sauti kutoka kwenye kibanda chake: sogea, simama, haya nenda. Majira ya baridi malori yalipungua, na zilikuwapo siku alizorudi nyumbani hajatamka maneno ishirini. Mkewe, Twyla, alikuwa ameondoka miaka sita nyuma, bila ugomvi wowote, akaenda kuishi mji wa Kelowna. Alisema huko angalau mtu anaona watu.

Nyumbani Mervin alibaki na kompyuta yake ya mezani. Hakuchezea michezo, wala hakuandikia chochote. Alichopenda ni kuikimbiza ram, vile vibao vya kumbukumbu ya kompyuta vinavyochomekwa kwenye bodi viwili viwili. Kiwandani ram huwa imepangiwa kasi yake. Mervin aliipandisha kasi hiyo kidogo kidogo mpaka mashine izime, kisha akarudi nyuma hatua moja na kuanza kutafuta kosa. Wako watu wengi wenye mapenzi hayo, na walikuwa na jukwaa lao mtandaoni lenye orodha ya washindi. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Desmond Arsenault, mpeleka barua mstaafu wa Summerside, mji wa kisiwani mbali upande wa mashariki. Wa pili alikuwa Mervin.

Kwa miaka minne walikuwa wanataniana karibu kila jioni, ingawa hawajawahi kuonana. Desmond akimwandikia, "Merv, hiyo mashine yako umeifunga trela la ngano?" naye Mervin akijibu kwamba barua za Summerside zilikuwa zinafika haraka kuliko ram ya Desmond. Lakini tangu Septemba Desmond alikuwa kimya. Mervin alijiambia kwamba jamaa anapika jambo. Basi Januari akaamua kununua ram mpya ampite kabla hajaibuka.

Angeweza kuagiza ikamfikia mlangoni. Badala yake aliendesha gari saa mbili mpaka duka la kompyuta jijini Winnipeg, na njiani akawa anayapanga maswali atakayomuuliza muuzaji.

Muuzaji aliitwa Rodel, Mfilipino wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alimsikiliza vizuri. Mervin alikuwa anayumba kati ya ram nne za ukubwa wa kutisha na mbili ndogo zenye kasi.

"Chukua mbili, kaka," Rodel alisema. "Nne ukizibana kwenye bodi moja hazikimbii, zinalemeana. Na usiangalie kasi peke yake, angalia pia inachelewa kiasi gani kuitika. Kwani unaitumia kwa kazi gani?"



"Naipima tu," Mervin alijibu.

"Unaipima halafu?"

"Halafu basi."

Rodel alicheka kwa upole, akamwambia kila mtu na starehe yake. Alimchagulia mbili zilizotengenezwa pamoja, akamwonya kwamba zikipata joto zitaanza kukosea hesabu bila kumwambia mtu. Mervin alikuwa bado na maswali matatu, lakini nyuma yake palikuwa na familia nzima inasubiri. Akachukua kifurushi chake na kutoka.

Jumamosi asubuhi, nje kukiwa nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri, alizichomeka. Zilikwenda vizuri mpaka karibu na rekodi ya Desmond, ndipo makosa yakaanza. Ni joto, kama alivyoambiwa. Mervin akaisogeza meza dirishani, akavaa koti la kazini na kofia ya manyoya, akalifungua dirisha lote. Baridi ikaingia ndani. Makosa yakaisha.

Jaribio lilihitaji saa nne. Akakaa kwenye kiti, mikono makwapani, anatazama namba zikipita.

Kwenye saa tano mlango uligongwa. Alikuwa Pauline Hrynkiw, mjane wa nyumba ya pili, amejifunga skafu mpaka puani, ameshika bakuli la supu ya bitiruti lililofunikwa sahani.

"Nimeona dirisha wazi tangu saa tatu," alisema. "Nikajua umekufa."

"Sijafa, Bi Pauline."

"Basi una wazimu. Afadhali hivyo, mazishi ya Januari yanasumbua, ardhi haichimbiki."

Aliingia bila kukaribishwa, akaketi na koti lake. Mervin akamweleza jambo lote: ram, kasi, Desmond. Alijisikia anaongea haraka mno, kama mtu aliyebanwa na maneno. Pauline alikuwa anaitikia kwa kichwa, na ilionekana wazi kwamba haelewi nusu yake, ila hakumkatiza. Alipomaliza, mama yule alimuuliza huyo rafiki yake anaumwa nini mpaka akanyamaza miezi minne.

"Haumwi. Anajiandaa."

"Amekuambia?"

Mervin aligeukia namba zake kwenye skrini. Pauline alikaa kidogo tena, kisha akasema miguu inaganda, akaondoka.

Saa saba jaribio likaisha bila kosa hata moja. Kasi ilikuwa elfu nane na mia mbili hamsini, juu ya rekodi ya Desmond. Mervin akaipiga picha skrini, akaituma jukwaani, na jina lake likapanda juu kabisa. Watu wawili asiowajua wakampongeza.

Jibu la Desmond lilikuja Jumatatu. Aliandika: "Hongera, Merv, umestahili. Mimi mashine niliiuza Oktoba. Nimehamia Moncton kwa binti yangu, kuna wajukuu watatu, hata pa kuweka meza hakuna. Siku hizi siingii huku."

Mervin aliyasoma maneno hayo mara nyingi. Akaandika jibu refu, juu ya baridi, juu ya Rodel na supu, akauliza majina ya wajukuu. Akalifuta lote. Akaandika, "Asante. Uwasalimie." Kisha akaizima mashine, akaiwasha tena, na kuirudisha ram kwenye kasi ya kiwandani.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kumgongea Pauline. Alikuwa amejipanga kumuuliza kama angependa kahawa. Mlango haukufunguliwa. Mtu wa ng'ambo ya barabara alimwambia kwamba mama yule yuko Brandon kwa dada yake, atarudi mwisho wa mwezi.

Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Mervin alichukua koleo lililoegemezwa ukutani pale barazani, akaanza kuisafisha njia ya Pauline, kutoka mlangoni mpaka barabarani. Alifanya polepole. Alipomaliza ilikuwa bado saa nne asubuhi.