Kisanduku Chenye Tiki

Waya aliitwa Waya kwa sababu hukumkuta siku hata moja bila waya shingoni. Alikuwa fundi wa kurekodi muziki, na studio yake ilikuwa chumba cha kushonea cha shangazi yake. Shangazi ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa. Ndiye pia aliyehamishia cherehani yake koridoni, akapigilia magodoro chakavu ukutani kwa mikono yake mwenyewe na kumwambia, "Haya, piga kelele zako humu." Tangu siku hiyo, kufika msalani katika nyumba ile lazima upite ubavu ubavu.

Kwa miaka sita Waya alitumia programu moja ya muziki. Mafundi wenzake walipoanza kumcheka kwamba anang'ang'ania kitu cha kizee, akaona haya, akahamia programu mpya. Alikuwa nayo siku tisa tu. Mtu wa siku tisa hata katika jiko la kuhamia hajui chumvi inakaa wapi, lakini mwalimu wa kwaya aliyoimbia Shangazi, aliyetaka kurekodi nyimbo kumi, alipomuuliza kama ameshaizoea, Waya alijibu kwa macho makavu, "Naijua nje ndani, Mwalimu. Nyimbo zote kumi niachie mimi."

Wimbo wa kwanza alikuwa ameshaurekodi katika programu ya zamani, Shangazi akiongoza. Katika ubeti wa tatu, kabla ya neno "nimerudi", Shangazi alikuwa na kawaida ya kunyamaza. Si sana, kiasi cha mtu kuvua viatu mlangoni. Kwaya nzima ilimsubiri, wasikilizaji nao wakamsubiri, ndipo neno likaja. Alikuwa akiimba hivyo miaka ishirini.

Waya akauingiza wimbo katika programu mpya, akaongeza ngoma na besi, akasikiliza mwanzo, akarukia mwisho, akautuma kwenye kundi la simu la wanakwaya. Katikati hakusikiliza. Ulikuwa uvivu, tusiupake rangi.

Jumanne jioni, kwenye mazoezi, kila mtu alikuwa ameshausikia. Katika ubeti wa tatu sauti ya Shangazi iliwahi kuingia, bila kunyamaza popote, tena ikiyumba kama ya mtu anayesukumwa mgongoni. Mwalimu alimvuta pembeni, ingawa pembeni penyewe wote walisikia.

"Dada, usinielewe vibaya. Naona siku hizi unawahi. Labda ni uchovu."

"Nimejisikia mwenyewe," Shangazi alisema. "Mpe mwingine huo ubeti, nisije nikawaharibia."

"Tusikimbilie huko. Jumamosi tujaribu tena, tukishindwa ndiyo nimpe mwingine."

Waya alikuwa amechuchumaa akikunja nyaya zake. Aliamini kweli kwamba Shangazi amezeeka, akamwonea huruma.

Kesho yake mchana aliufungua wimbo ule ili apunguze besi. Karibu na sauti ya Shangazi akaona kisanduku kidogo kimetiwa tiki. Akaiondoa ile tiki, kujaribu tu, akasikiliza. Ubeti wa tatu ulipofika, Shangazi akanyamaza. Kisha, kwa wakati wake mwenyewe, akaimba "nimerudi". Kumbe programu ile, usipoikataza, huivuta kila rekodi unayoiingiza ifuate mapigo yake. Ile ya zamani haikuwa na tabia hiyo, na Waya hakuwa amejishughulisha kuuliza.

Alijua la kufanya: kuvuka koridoni, kuipita cherehani, kusema. Lakini angesema nini, naye ndiye aliyejisifu kuijua nje ndani? Akajiambia kwamba Jumamosi Shangazi ataimba kama kawaida yake na mambo yatajiishia yenyewe.

Alhamisi Shangazi alimletea chai. "Kunywa, mwanangu. Na unisamehe, nimekuharibia kazi yako."

Waya alishindwa kumtazama usoni. Chai ilikuwa ya kumwagia kisogoni, si ya kumpa anywe, na hilo alilijua vizuri. Akasema, "Usijali, Shangazi," na roho ikamsuta kuliko mwanzo. Baadaye akamsikia koridoni na simu yake, akiucheza ule wimbo, akiimba pamoja nao, akiurudisha nyuma, akianza tena. Ijumaa vilevile. Waya akavaa spika zake za masikioni ili asisikie.

Jumamosi, kabla kwaya haijafungua kinywa, akasimama mbele yao na kompyuta yake. Alisema yote, hata lile la siku tisa. Akawachezea rekodi halisi, na ukimya wa Shangazi ukapita katikati ya viti vya plastiki, wote wakausikia.

"Umelijua hili lini?" Mwalimu aliuliza.

"Jumatano."

Shangazi hakuuliza kitu kuhusu Jumatano. "Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Si wewe, Shangazi."

Akacheka, akajifuta macho kwa kiganja. Mwalimu akainua mkono, wakaimba. Ubeti wa tatu ulipofika kila mtu alivuta pumzi kumsubiri.

Shangazi akawahi.

Wakarudia. Akawahi tena, pale pale ilipomweka programu, na safari hii sauti haikuyumba hata kidogo.

"Nimeimba na ile ya kwenye simu siku nne," alisema taratibu. "Nilijua kuwahi sitaacha tena, basi nikasema angalau niwahi mahali pamoja, msipate tabu kunifuata."

Shangazi akavuta kiti chake karibu na kompyuta.

"Niwekee tena ile ya kwanza, Waya. Nataka kusikia nilikuwa nasubiri vipi."

Waya akaweka. Shangazi akainamia spika, akaimba polepole pamoja na sauti yake mwenyewe, ubeti wa kwanza, wa pili. Katika wa tatu, sauti ya kwenye spika ikanyamaza, naye akaipita.